Vidole Viwili Chini ya Mbavu

Shida yangu ilianza mwaka 1993, nikiwa na miaka ishirini na minane. Watu wa Kagunga ukiwauliza habari ya mwaka ule watakuambia ya wakimbizi, na hawatakudanganya. Warundi walishuka milimani na wengine wakaja kwa mitumbwi, wakajaa ufukweni mpaka mchanga ukawa hauonekani. Mimi mwaka ule naukumbuka kwa vidole vya mtoto.

Alikuwa binti, hajatimiza mwaka. Asubuhi moja nilimfungua mgongoni nimnyonyeshe, nikaona vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kunona kama ndizi kisukari. Miguu nayo imevimba kwa juu. Nikimgusa kidole analia kile kilio cha kukatika pumzi. Jipu hakuna, mwiba hakuna, alama ya mdudu hakuna.

Nilikuwa nimeshazika mmoja. Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, alivimba hivyohivyo, akapona, akavimba tena. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa upande wa kushoto. Wakasema bandama, wakamchanja. Akafa kabla ya miaka miwili. Kwa hiyo nilipoviona vile vidole sikuwa na haja ya kuuliza mwisho wake. Nilikuwa nimeshauona. Jina lake tu ndilo sikulijua.

Niseme kabisa kwamba sikusoma. Darasa la tatu niliacha, nikaenda kuanika dagaa. Haya ninayoandika kuhusu damu nimeyajua kwa kukaa nayo nyumbani. Daktari akiyasoma akaona nimekosea, aje aniambie, chai ipo.

Tulikaa kwa mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, umri wake kama hamsini, mfupi, mikono yake migumu kama ya mpiga kasia. Yeye ndiye aliyekuwa akitibu bandama pale kijijini. Mama analeta mtoto, mama mkwe anamlaza, anapapasa, anachukua wembe, anachanja mistari midogo juu ya pale palipovimba, kisha anapaka dawa nyeusi. Hakumtoza mtu. Aliiamini kazi yake na watu walimwamini, maana wengi waliochanjwa walikuwa na bandama la malaria na baadaye walipona. Kama ni kwa wembe au kwa klorokwini waliyomeza nyumbani, hilo hakuna aliyefuatilia.

Nyuma ya jiko letu alikuwa amejibanza mama mmoja wa Kirundi na turubai lake. Mama mkwe alipoona vidole vya mjukuu wake alimgeukia huyo.

"Si ndiye huyu! Juzi si alimbeba mtoto? Wamekuja na magonjwa yao, sasa wanatugawia!"

Yule mama alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Mama mkwe alipoondoka ndipo akanisogelea, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani: "Ihangane, vumilia, mama. Mtoto wa dada yangu alikuwa hivi hivi. Bujumbura wakampima. Ni damu yenyewe, imezaliwa hivyo."

"Alipona?"

"Haponi. Anaishi."

Maneno mawili tu. Lakini wa kwangu wa kwanza hakupata hata hilo la pili, na mimi nililitaka.

Nilipanda boti la dagaa, nikaenda Kigoma mjini na mtoto. Hospitali walimtoa damu kidoleni, wakaniambia ningoje. Daktari alikuwa kijana wa kutoka mikoa ya huko kaskazini, kapangiwa kazi kwetu. Aliniita, akanikalisha, akachukua kalamu na kuchora kwenye kiganja chake mwenyewe. Kwanza duara, pembeni yake kitu kilichopinda.

"Chembe za damu ya kawaida ni za duara, zinateleza. Za huyu nyingine zinapinda kama mundu. Zinakwama kwenye mishipa midogo, ndiyo maana vidole vinavimba na kuuma. Halafu zinakufa mapema, ndiyo maana damu inampungua na macho yanakuwa ya njano. Ugonjwa huu unaitwa selimundu."

"Nani kampa?"

"Nyinyi wawili. Mama katoa nusu, baba katoa nusu. Mwenye nusu moja haumwi, wala hajijui. Mtoto akipata nusu zote mbili ndiyo huyu."

"Ni wakimbizi?"

"Mama, ugonjwa huu hauambukizi. Angebebwa na wakimbizi wote wa Kigoma asingeupata."

Halafu akanishika mkono, akaviweka vidole vyangu juu ya tumbo la mtoto, kushoto, chini ya mbavu. "Bonyeza taratibu. Umesikia ukingo?" Niliusikia, laini na mgumu kwa pamoja, kama ukingo wa ulimi. "Hilo ndilo bandama. Leo limeshuka vidole viwili chini ya mbavu. Kila asubuhi upapase. Siku ukikuta limekua ghafla na mtoto kapauka, usingoje kitu chochote. Hapo bandama linaimeza damu yake, anaweza kufa siku hiyohiyo."

Mengine aliyoniambia niliyashika kwa kichwa, maana kuandika kulikuwa kunanichelewesha. Maji anywe mengi, hata asipotaka. Baridi isimpate. Alale ndani ya chandarua, kwa kuwa malaria inamaliza hata kile kidogo alicho nacho. Akipata homa yoyote, kubwa au ndogo, aletwe. Vidonge vya foliki ale kila siku. Vile vyekundu vya chuma, ambavyo sisi tunampa kila mtu anayeambiwa hana damu, asipewe mpaka apimwe kwanza, maana si chuma kilichompungukia.

"Na wembe?" nikauliza.

"Wembe wa nini?"

"Bibi yake anachanja."

"Mwambie wembe unamwaga damu ambayo mtoto hana."

Nilirudi nikasema yote, mama mkwe amekaa kwenye kigoda anatwanga chikichi za mawese, mume wangu anashona wavu. Nilipofika kwenye zile nusu mbili, mchi ulisimama.

"Nusu kwako, sawa. Nyinyi kwenu tunawajua. Nusu nyingine unasema iko wapi?"

"Kwa mwanao, Mama. Daktari kasema."

"Daktari wa wapi?"

"Wa huko Kilimanjaro."

"Kashuka kwenye treni juzi, leo anaijua damu ya ukoo wangu! Mwanangu, unamsikia mkeo?"

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alivuta uzi kwa meno, akaukata. "Mtoto apewe maji basi," akasema, akarudi kwenye wavu wake.

Maji nilimpa. Chandarua nilinunua. Kila asubuhi nilipapasa. Lakini maumivu yalikuwa yakija, yakiondoka, yakirudi, na watu wa pwani yetu wakagundua kitu ambacho hata mimi nilikuwa nimekiona: yalifuata mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa mtoto alikuwa mzima, anacheka, anatambaa. Giza likirudi, viungo vinamshika. Wakasema basi, huyo ana kitu cha mwezi, atafutiwe mtu wa mwezi. Hata mume wangu alianza kuamini.

Nililifikiri jambo hilo sana. Na nilipolijua nilikuwa nimesimama majini.

Sikiliza kazi yetu ilivyokuwa. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, na taa haifanyi kitu penye mbalamwezi. Kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanalala nyumbani. Giza likija wanakwenda, na alfajiri wakirudi wanawake hatungoji mtumbwi ufike nchi kavu. Unaingia ziwani mpaka kiunoni, maana wa kwanza kushika ubavu wa mtumbwi ndiye anayepata dagaa wazuri wasiopondeka. Mtoto yuko mgongoni. Unajitwisha beseni, maji yanachuruzika shingoni, yanaingia kwenye kanga, mtoto analowa, na upepo wa ziwa unawapiga nyote wawili mpaka jua lipande. Tumelelewa hivyo wote. Kwetu mtoto asiyelowa alihesabiwa atakuwa goigoi.

Mwezi haukuwa na kosa. Ilikuwa ni kanga mbichi.

Nikaacha kuingia majini. Usifikiri lilikuwa jambo dogo. Mwanamke wa pwani aliyesimama mchangani na kanga kavu, wenzake wanamwonaje?

"Jamani, mpisheni bibi samaki, kaja kukagua!"

"Ogopa maji, utayeyuka wewe!"

"Mleteeni kiti!"

Niliwaacha wacheke. Nilinunua dagaa wa mwisho, wale wa chini waliopondeka. Tena hata pa kuwaanika hapakuwepo, kwa sababu mchanga wetu wote wa kuanikia ulikuwa umelaliwa na watu na watoto wao na sufuria zao. Wenzangu waligombana nao kila siku. Mimi nilikata matete, nikachukua nyavu kuukuu za mume wangu, nikasimamisha vichanja nyuma ya nyumba, palipo na jua na pasipo na upepo, mtoto nimemfunika shuka nzito. Yule mama wa Kirundi alinisaidia kufunga. Dagaa wangu wakatoka hawana mchanga. Wachuuzi wa soko la Mwanga, pale Kigoma mjini, wakawatafuna, wakatazamana, wakaniambia niwaletee tena. Sikupanga kuwa mfanyabiashara. Nilipanga mtoto asilowe.

Maumivu yakapungua. Hayakwisha, nasema yalipungua. Mama wa Kirundi alihamishiwa kambini na wenzake, akaondoka na turubai lake, sikumwona tena.

Tukafika mwaka 1996, mwaka ambao wa Zaire nao walianza kuvuka ziwa kuja kwetu. Binti alikuwa wa miaka mitatu, anaongea kama kasuku. Asubuhi moja nilimpapasa bado amelala. Vidole viwili havikutosha. Nikaweka mkono mzima, na ukingo bado uko chini yake, unakaribia kitovu. Nikafunua kope la chini, ndani peupe. Nikafungua kiganja, ni kama unga wa muhogo. Alifumbua macho akanitazama, hakulia. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Mtoto aliyezoea maumivu akinyamaza, jua nguvu ya kulia haipo.

Mama mkwe akaingia. Alipapasa na yeye, na uso wake ukabadilika. Akatoka, akarudi na kitambaa chake chenye wembe.

"Limejileta lenyewe juu. Leo nitalikamata."

"Mama, usimguse."

Katika miaka yote niliyokaa kwake sikuwahi kumwambia neno kama hilo. Akasimama.

"Umesema nini, mkamwana?"

"Nimesema usimguse. Yule wa kwanza nilikuachia."

Hakunipiga, hakunitukana. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kitambaa mkononi, akawa anatazama ukuta. Mimi nikamfunga mtoto mgongoni kwa shuka kavu, nikateremka ufukweni.

Mtumbwi wa mume wangu ndio kwanza ulikuwa unaingia, wenye injini, umejaa mpaka ukingoni. Wanawake walikuwa wameshauzunguka. Nikamwita kwa sauti, nikamwambia: "Mwaga dagaa. Twende Kigoma."

"Wote?"

"Wote. Mtumbwi ukiwa mzito hatutafika."

Alimtazama mtoto. Akachukua kile kiganja kidogo, akakiweka juu ya kiganja chake mwenyewe, akavitazama vyote viwili. Kisha akawageukia wenzake akasema, "Mwageni." Dagaa wa usiku mzima wakamwagwa mchangani, na wale watu waliovuka ziwa wakaja na masufuria, wakawa wanazoa kimya kimya, kama watu wanaoogopa kuamshwa.

Tunasukuma mtumbwi, namwona mama mkwe anaingia majini na nguo zake, anapanda bila kumuuliza mtu.

"Mama, unakwenda wapi?" mwanawe akamuuliza.

"Mimi siachwi. Akifa nataka nimwone aliyemuua."

Njia nzima nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto mgongoni kwangu, zikiwa za harakaharaka kama za kifaranga. Milima ya Gombe ikapita. Tulipofika mjini jua lilikuwa kichwani.

Daktari alikuwa yuleyule. Alipapasa mara moja tu. "Damu," akasema. "Sasa hivi. Na akiba haipo, wodi zimejaa wagonjwa wa kambini. Nani anatoa?"

Mimi nilikuwa mjamzito, akanikataa. Mume wangu alipimwa, kundi halikulingana, tena akaonekana na ile nusu. Mume wangu aliposikia hivyo aliinamisha kichwa. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, nguo zimemkaukia mwilini.

"Nipimeni mimi," akasema.

Muuguzi akamtazama. "Bibi, huogopi sindano?"

"Nimewachanja watoto wa kijiji kizima, niogope kisindano hicho? Chukueni. Tena muitazame vizuri hiyo damu. Mkikuta uchafu humo ndani, mnionyeshe."

Wakampima. Kundi lilikubali. Daktari akarudi na majibu mengine, akamwambia, "Mama, wewe huna hata nusu. Damu yako ni nzuri kabisa."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Umesikia kwa masikio yako? Ni ya kwa baba yako. Nilijua siku nyingi, kwao walikuwa wanakufa kufa ovyo!"

Mume wangu alicheka mpaka akajifunika uso, na sikujua ni kicheko kweli au ni nini kingine. Na mimi nililia palepale, huku nacheka.

Walimlaza mama mkwe kwenye benchi, wakamtoa damu. Baadaye mfuko wake ukatundikwa juu ya mtoto, damu ikaanza kudondoka. Mama mkwe, soda mkononi, akasogea akautazama.

"Hiyo ndiyo yangu?"

"Ndiyo yako, Mama."

"Mbona nyeusi?"

"Ndivyo ilivyo ikiwa nyingi," muuguzi akamwambia.

Akaketi miguuni pa kitanda. Mimi nilishika kiganja cha mtoto, sikukiachia. Kwa muda mrefu hakikubadilika. Halafu, jua likianza kuingia kwa dirisha la upande wa ziwa, niliona kama rangi, nikadhani ni mwanga. Nikakigeuzia kwenye kivuli. Ilikuwa rangi. Mtoto akafumbua macho, akasema, "Bibi, nipe soda."

Akapewa.

Mama mkwe hakuwahi kusema alikosea, wala mimi sikumdai. Aliendelea kupokea watoto wa watu. Anawalaza, anapapasa, na akikuta vidole vimevimba au macho ya njano, anamwambia mama wa mtoto: "Huyu si wa kwangu, mpandishe boti." Wembe sikuuona tena. Kila asubuhi aliwahi kumpapasa mjukuu wake kabla yangu, tukawa tunabishana. Mimi nasema viwili, yeye anasema kimoja na nusu, kwa kuwa vidole vyake ni vinene. Kila mgeni aliyefika nyumbani aliambiwa damu iliyomo mwilini mwa mtoto yule ni ya nani. Alikufa akijivuna, na alistahili.

Sitaki mtu adhani kwamba baada ya hapo ikawa raha. Binti alikosa shule miezi na miezi. Nyonga inamsumbua hadi leo, na msimu wa mvua ni msimu wa kilio. Mara nyingi nimekaa kando ya kitanda chake nikiwa sina cha kufanya ila kumkanda kwa kitambaa cha moto na kumnywesha maji. Mchumba alipokuja na wazee wake niliwaambia kabla ya chai: mahari tutaongea, damu kwanza. Wazee walikasirika, wakasema nimewavunjia heshima. Kijana mwenyewe akaenda kupima, akarudi na majibu, hana hata nusu. Ndipo nikapika.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto mchanga aliyevimba vidole bila sababu, au anayepauka na macho kuwa ya njano, usimtafute aliyekuroga, wala usitazame mwezi. Mpeleke akapimwe damu. Na wewe baba, kapime. Nusu si aibu.

Leo nina miaka inayokaribia sitini. Binti yangu yuko hai, ana zaidi ya thelathini, anashona nguo Mwanga na ana mtoto mmoja. Yeye si mali, lakini nikiulizwa nina nini naanza naye. Vingine ni hivi: nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, Mwanga. Mitumbwi miwili yenye injini, mmoja mbovu. Vichanja vya dagaa Kagunga, vya mbao na wavu mpya. Shamba la kahawa Kalinzi, si kubwa. Jokofu. Mashine ya kusaga. Chandarua kwenye kila kitanda.